Kulemaa na Kulemazwa

Siku ya soko Kiambere nilimwona mzee mmoja akipigana na mchanga. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu cha aina ile ya hospitalini: makubwa mawili nyuma, na mbele mawili madogo, membamba, yaliyoundwa kuteleza juu ya sakafu ya saruji. Huku chini Mbeere saruji ni ya ndani ya maduka tu. Kila mzee alipojisukuma kidogo, yale madogo yalizama, kiti kikainama mbele, naye akashika ukingo asije akamwagika. Vijana wawili wa bodaboda wakaja, wakamwinua, kiti na mwenyewe, wakamvusha hadi kwenye kivuli cha duka palipokuwa pakipimwa ndengu. Hawakuitwa, wala hawakungoja shukrani. Mzee alijipangusa vumbi, akaagiza chai.

Mwanamume aliyesimama kando yangu, mgeni kama mimi, akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo sote tumewahi kuliuliza: "Huyu ni wa kuzaliwa, ama ni ajali?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo. Linataka kujua chanzo, na chanzo kwake kimo katika miguu ya mzee. Halina haja na kiti kilitoka wapi, wala kama aliyekileta aliwahi kuuliza habari za mchanga.

Kiswahili kina ujanja ambao wasomi wa ulemavu wameuhangaikia katika lugha nyingine kwa vitabu vizima. Tuna kulemaa, tuna kulemaza, tuna kulemazwa. Aliyelemaa, jambo limempata mwilini, basi. Aliyelemazwa ametendwa, na kitenzi cha kutendwa hakitulii mpaka mtenda atajwe: amelemazwa na nani? Magazeti yetu hukitumia kila juma bila kufikiri: mgomo umelemaza huduma hospitalini, mafuriko yamelemaza usafiri. Hakuna mhariri anayekubali kuandika kwamba huduma zimelemaa zenyewe. Akizungumziwa mtu, mtenda hutoweka ghafla. Kinachobaki ni "mlemavu", nomino iliyokaa peke yake kama mzigo usio na mwenyewe. Nadharia za ulemavu nilizozisoma, za kwetu milimani na za London, naziona zote zikigombania kitenzi hicho kimoja.

Wapo wanaodai kwamba lugha hii iliwadhalilisha watu hawa tangu mwanzo kwa kuwatia katika ngeli ya vitu: kilema, kipofu, kiziwi, kiwete. Sikubaliani nao moja kwa moja. Ngeli hiyohiyo ina kiongozi, kijana na kinyozi, na sijasikia kinyozi akilalamika. Isitoshe, kitenzi humrudishia mtu utu wake. Unasema kipofu amefika, husemi kimefika. Lakini wenye ulemavu wenyewe wakichagua kuitwa watu wenye ulemavu, ubishi wa sarufi unakoma hapo. Anayeitwa ndiye anayejua jina linauma wapi.

Wakenya wengi wanaijua Kiambere kwa umeme. Bwawa lake ndilo la chini kabisa katika mlolongo wa matano ya mto Tana ulioanza na Kindaruma mwaka 1968, na mitambo yake ilianza kazi mwaka 1988. Nyaya za kilovolti 220 hutoka hapo zikaenda hadi Rabai, karibu na Mombasa, zikipita juu ya vijiji vingi vilivyoishi miaka na miaka na koroboi. Ng'ambo ya mto ni Kitui. Upande huu ni Mbeere Kusini, kaunti ya Embu: mtama, kunde, ndengu, muguka, mbuzi, na makorongo ya mchanga ambayo hugeuka mito kwa saa chache mvua ikinyesha, kisha yakakauka tena.

Nina sababu nyingine ya kuanzia hapa. Katika sensa ya 2019, Embu ndiyo iliyoongoza kaunti zote 47 kwa uwiano wa watu wenye ulemavu: asilimia 4.4 ya wakazi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 2.2. Wajir ilikuwa na 0.6. Takwimu hiyo nitairudia, maana haisemi kile inachoonekana kusema.

Wakitafuta chanzo cha ulemavu, wazee wa jamii za Mlima Kenya hawakuanza na mguu. Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, au mtu mzima akipooza upande mmoja, walianza na watu. Nani amekosana na nani? Lipo deni gani? Je, kuna mzazi aliyekata roho na kinyongo, akaacha kirumi, ile laana ya mwisho ambayo hakuna aliyebaki wa kuitengua? Kuna mugiro uliovunjwa, mwiko ambao kijana wa leo hata haujui? Mwili ulikuwa mahali habari ilipotokea. Habari yenyewe ilikuwa ya ukoo.

Namna hii ya kuuliza imeenea mbali. Mwanaanthropolojia Patrick Devlieger aliikuta kwa Wasongye wa Kongo, akaieleza katika kitabu kilichohaririwa na Benedicte Ingstad na Susan Reynolds Whyte mwaka 1995. Kwa maelezo yake, Wasongye waliwagawa watoto wasio wa kawaida mafungu matatu. Kuna mishinga, wenye heshima ya pekee, mfano wa pacha. Kuna malwa, walioonwa kuwa wabaya, na humo waliwekwa wenye ualbino na wafupi wa kimo. Halafu kuna bilema. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Ni vilema haohao, neno limevuka maziwa na misitu likabadili herufi moja tu. Bilema hawakupandishwa kuwa watakatifu wala kushushwa kuwa mikosi. Walikuwa watu wenye kasoro, na kasoro ilidai maelezo: pengine uchawi, pengine mahari iliyogawanywa vibaya, pengine mababu. Majibu yote yakikosekana, Mungu.

Katika kitabu hichohicho Aud Talle anaandika juu ya Wamasai wa Kenya, na kichwa cha sura yake kinatangaza kwamba mtoto ni mtoto. Aliwakuta watu wenye ulemavu wa viungo wakioa na kuolewa, wakizaa, wakihesabiwa kama wengine. Kwa hiyo yule anayesema Mwafrika alimficha kilema ndani, na yule anayesema Mwafrika alimkumbatia, wote wawili wanamsema mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Kuna Wasongye, kuna Wamasai, kuna Wambeere, na ndani ya kila kabila kuna fungu na fungu. Wala mafungu hayo si mchezo wa darasani. Tanzania imeona tangu miaka ya 2000, katika mauaji ya watu wenye ualbino, mahali ambapo dhana mbaya hufika ikipata waganga wa kuiuza na matajiri wa kuinunua.

Tuwatendee haki wazee wetu hata hivyo. Walisema amelemazwa, na hilo ni jambo kubwa. Waliona kwamba mwili wa mtu mmoja unaweza kuwa shauri la watu ishirini. Kosa lao lilikuwa katika kumtafuta mtenda. Walimtafuta nyumbani, na nyumbani aliyepatikana upesi kuliko wote alikuwa mama. Ni yeye aliyevuka mwiko akiwa mjamzito, ni kwao kulikotoka damu mbaya. Ukoo ulifanya kikao, ukatoka umeungana tena, na mwanamke mmoja akabaki na hatia pamoja na mtoto.

Kwa sababu hiyo huwa nasita warsha zinapomtaja John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, huko huko Kitui ng'ambo ya mto, kana kwamba kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilimaliza kazi. Wazo lake kwamba mtu yupo kwa kuwa wenzake wapo limekuwa nadharia rasmi ya Kiafrika ya ulemavu. Nalipenda; Kiswahili kililisema zamani kwa maneno matatu, mtu ni watu. Vijana wale wa bodaboda walilionyesha bila kulisoma. Ila wao walikuwepo saa nne asubuhi, siku ya soko. Saa nane za usiku, mzee akitaka kwenda chooni, hao watu ni nani? Mara nyingi ni mwanamke mmoja, naye amechoka.

Hospitali na misheni zilikuja na swali jingine. Daktari haulizi kwa nini wewe. Anauliza kimeharibika nini. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na baadaye Meru ikapata zake, Kaaga kwa viziwi na St Lucy's ya Igoji kwa wasioona. Mtoto alitolewa katika kikao cha ukoo akapelekwa kwa mtaalamu. Wanaharakati wa leo huusema vibaya mtazamo huu wa kitabibu, na wana sababu: humgeuza mtu kuwa mgonjwa wa maisha, na husubiri apone ndipo aishi. Lakini anayeukataa wote hajamwona mtoto mwenye nyayo zilizopinda akitibiwa. Kwa njia ya Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, kwa majuma matano hivi au saba. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma akilala, hadi afike miaka 4 au 5. Hakuna mbuzi anayechinjwa, hakuna mama anayehojiwa. Ningekuwa mzazi ningekimbilia plasta kwanza, nadharia baadaye.

Sasa piga hesabu ya nauli. Kutoka Kiambere hadi Embu mjini, kwenda na kurudi, mara saba, mama akiwa na kichanga mgongoni na riziki yake ikiwa ni ndengu ambazo hazijavunwa. Juma la tatu anakosa pesa. Juma la nne anaona haya kurudi, maana atakaripiwa kwa kukosa juma la tatu. Mguu ule ulilemaa tumboni, hilo hatubishani. Lakini kuanzia juma la tatu mtoto analemazwa, na mtenda anajulikana kwa shilingi na senti.

Hapo ndipo London inapoingia, ingawa kwa kweli inaingia kupitia Johannesburg. Vic Finkelstein alizaliwa huko mwaka 1938. Alivunjika shingo akiwa kijana katika mchezo wa kuruka kwa mti mrefu, akatumia kiti cha magurudumu, akafungwa jela kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akahamia Uingereza mwaka 1968. Huko akakutana na Paul Hunt, aliyekuwa ameishi miaka mingi Le Court, Hampshire, katika makao ya Cheshire ya watu wenye ulemavu. (Jina la Cheshire Wakenya wanalijua pia, kutoka Limuru.) Mwaka 1972 Hunt aliandika barua katika gazeti la The Guardian akiwaita wenzake waungane, na kikazaliwa chama chao cha UPIAS, ambacho jina lake kamili lilibeba neno kutengwa. Mtu aliyetoka Afrika Kusini alilijua neno hilo vizuri. Mwaka 1976 wakachapisha misingi yao: hitilafu ni ya mwili, lakini ulemavu ni kile ambacho jamii inaongeza juu ya hitilafu hiyo inapowafungia watu nje. Mwaka 1983 Mike Oliver, naye mtumiaji wa kiti cha magurudumu, akaipa fikra hiyo jina la modeli ya kijamii.

Finkelstein aliifafanua kwa hadithi. Tuseme kuna kijiji ambamo karibu wote wanatumia viti vya magurudumu na ndio wanaoendesha mambo. Wanajenga nyumba wapendavyo, dari chini, milango mifupi. Wachache wanaotembea kwa miguu wanagonga vichwa kila siku, wanapata uvimbe na maumivu ya mgongo. Madaktari wa kijiji wanawatengenezea kofia ngumu na mikanda ya kuwapindisha wafikie kimo cha kawaida. Kazi hawapewi, na wahisani wanapitisha bakuli kuwachangia. Hadithi hii ukiisoma kwa Kiswahili inafupika sana. Wale warefu hawakulemaa. Wamelemazwa.

Tazama basi Finkelstein na mzee wa ukoo walivyo majirani, ingawa wafuasi wao hawaamkiani. Wote wawili wamekataa kuangalia mguu. Wote wamesema kosa liko baina ya watu. Wametengana katika kumtaja mtenda tu: mmoja amemtaja mjomba, mwingine amemtaja mjenzi. Nikilazimishwa kuchagua nitamchagua mjenzi, kwa sababu mjenzi anaweza kuagizwa abomoe mlango, na kwa sababu hatia ya mlango haimwangukii mama.

Lakini modeli hii nayo ina vumbi lake. Tom Shakespeare, mwanasosholojia mwenye kimo kifupi, aliwaudhi wenzake mwaka 2006 alipoandika kwamba mwili haukubali kufutwa kwenye hesabu. Ngazi zikiondolewa zote, maumivu hubaki palepale. Viziwi wana lao pia. Wengi wao hawajioni kuwa na hitilafu. Wanajiona kuwa watu wa lugha nyingine, na katiba ya Kenya ya 2010 imewakaribia kwa kuitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Shule za bweni zinazolaumiwa kwa kutenga watoto ndizo zilizowakutanisha wakapata wa kuzungumza naye. Sijui modeli gani inaweza kumeza hilo bila kupaliwa.

Kwangu mimi udhaifu mkubwa zaidi unaonekana palepale sokoni. Hunt na wenzake waliandika katika nchi ya lami, ambamo mzima anapita na asiyetembea anakwama, na tofauti hiyo ndiyo ilikuwa hoja yao. Kiambere mvua ikinyesha, korongo likijaa, hapiti mtu. Kizuizi cha wote huitwa umaskini wa eneo, kikaandikiwa ripoti ya barabara, na hakuna anayekiona kuwa kinahusu ulemavu. Tena neno jamii ni pana mno. Ukisema amelemazwa na jamii, umewataja wote, na aliyetajwa pamoja na wote hulala usingizi mzuri. Mzee wa ukoo angalau alitoka kikaoni na jina.

Kenya imejaribu kuzikalisha nadharia hizi meza moja. Iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unasema ulemavu hutokea hitilafu inapokutana na vizuizi. Katiba, katika kifungu cha 260, ikaenda mbele kidogo, na sijui kama walioiandika walitambua walichofanya. Inamhesabu mwenye ulemavu hata yule ambaye sehemu kubwa ya jamii inadhani tu kwamba hali yake inamzuia. Yaani dhana ya jirani imeingia katika sheria. Mzee wa Mbeere angekielewa kifungu hicho kuliko wakili wa Nairobi. Kifungu cha 54 kikaahidi kwamba polepole angalau nafasi 5 katika kila 100 za vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa zitakuwa za watu wenye ulemavu. Uganda, iliyowatengea wabunge watano tangu 1996, haikungoja polepole. Sheria yetu ya 2003 imebadilishwa na mpya ya 2025, na lugha yake ni ya haki kweli kweli.

Ila ukitaka kuzifikia haki hizo, mlango ni uleule wa daktari. Sharti upimwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, fomu ijazwe, itiwe saini, ndipo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu likusajili. Maneno ni ya Finkelstein, foleni ni ya hospitali. Mwenye ulemavu mkubwa akiingizwa katika mpango wa Inua Jamii, kaya yake hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Karibu na sifuri si sifuri, na sitaidharau pesa ambayo mtu anaingoja. Nasema tu kwamba haiwezi kununua safari saba za plasta na unga wa mwezi pia.

Nimeahidi kurudi kwenye takwimu. Sensa ya 2009 ilipata Wakenya milioni 1.3 hivi wenye ulemavu, asilimia 3.5. Miaka kumi baadaye walikuwa 918,270. Watu zaidi ya laki nne hawakutupa mikongojo yao njiani. Kilichobadilika ni swali. Mwaka 2019 Kenya ilitumia maswali ya Kikundi cha Washington, ambayo hayataji neno ulemavu hata mara moja: je, una ugumu wa kuona hata ukivaa miwani? Wa kusikia? Wa kutembea au kupanda ngazi? Wa kukumbuka, wa kujihudumia, wa kuwasiliana? Waliohesabiwa ni wa miaka 5 na zaidi waliojibu kwamba ugumu ni mkubwa au hawawezi kabisa. Haya ni maswali mazuri. Hayamlaumu mama, hayamwiti mtu jina. Lakini ugumu wa kutembea, kutembea wapi? Anayejibu akiwa mjini Kiritiri penye lami na anayejibu akiwa kando ya korongo wamepewa kisanduku kimoja. Nashuku sehemu ya ile 4.4 ya Embu ni umri wa wakazi wake, sehemu ni uwazi wa kujibu, na sehemu ni ardhi yenyewe. Sensa haikuulizwa itenganishe, kwa hiyo haikutenganisha. Nayo 0.6 ya Wajir singeiita afya njema mpaka nijue nani alimuuliza nani, kwa lugha gani.

Desturi ya miaka kumi ikifuatwa, sensa ijayo ni 2029. Karani akifika kwako na maswali yake sita, mjibu kwa ukweli. Kisha mwombe aandike pembeni mwa fomu aliifikia nyumba yako kwa njia gani, na ilimchukua muda gani.